Mama Ambaye Hakumwomba Mumewe Asalimu Amri

Mwanamke mzee amelala hospitalini, pumzi zimebaki chache, na binti yake mdogo, ambaye sasa naye ni mtu mzima, anamwinamia ili amtulize kwa maneno ambayo watu wengi huwaambia wanaokaribia kukata roho: kwamba hatimaye ataonana na mumewe, aliyemtangulia miaka mingi iliyopita. Mama anasogeza midomo. Binti anatega sikio, kisha uso wake unabadilika, kwa sababu mama amesema hataki kuonana naye huko. Anataka kuonana naye hapa, akiwa hai.

Filamu inakwisha muda mfupi baada ya maneno hayo.

Ni filamu ya *Kabei* ya mwongozaji Yoji Yamada, iliyotoka Japani mwezi Januari 2008 na kushindanishwa mwezi uliofuata katika tamasha la Berlin. Imejengwa juu ya kumbukumbu za Teruyo Nogami, aliyezaliwa mwaka 1927, na yule binti anayetega sikio ni yeye mwenyewe katika umbo la hadithi. Katika filamu, baba yake anakamatwa Tokyo mwaka 1940 kwa kosa la mawazo, na anafia kizuizini bila kurudi nyumbani hata siku moja.

Baba wa kweli alirudi.

Jina lake lilikuwa Iwao Nogami, mtaalamu wa fasihi ya Kijerumani aliyeandika kwa jina la kalamu la Shigeru Niijima. Alifungwa, akatoka, akaiona dola iliyomfunga ikianguka, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Kobe, na akafariki mwaka 1957. Filamu imempa baba wa hadithi jina la Shigeru kisha ikamnyima miaka yote hiyo ya uhai, na jambo hili limenikaa kooni kwa wiki kadhaa, si kwa sababu filamu imesema uongo, maana filamu ya kuigiza haikuapa mbele ya hakimu, bali kwa sababu nilianza kushuku kwamba kifo hicho kimetuepusha, sisi watazamaji, na swali gumu zaidi kuliko kifo.

## Viatu juu ya tatami

Yamada hapotezi muda. Nyumba ni ndogo na vitabu ni vingi kuliko nafasi, na watu wanne wanaoishi humo wanaitana kwa majina ya utani: baba ni Tobei, mama ni Kabei, na mabinti ni Hatsubei na Terubei. Wanaingia polisi wa Tokko, kikosi maalumu cha kufuatilia mawazo ya kisiasa kilichoundwa mwaka 1911, wanakanyaga mikeka ya tatami wakiwa na viatu, wanapekua vitabu, na wanamfunga baba kamba mbele ya watoto wake. Hakuna anayepiga kelele. Aliyeizoea nyumba ya Kijapani, hata kwa kuiona kwenye skrini tu, anajua kwamba viatu hivyo vimekwisha kusema kila kitu kabla mtu hajafungua kinywa.

Sheria waliyoitumia ni Sheria ya Kulinda Amani ya mwaka 1925. Mwanzoni iliwalenga waliotaka kubadili mfumo wa dola chini ya mfalme na waliopinga umiliki wa mali binafsi, yaani wakomunisti. Mwaka 1928 ikaongezewa adhabu ya kifo, na kadiri miaka ilivyosonga ikawafikia walimu, waandishi, wanafunzi na waumini wa madhehebu ambayo serikali haikuyapenda. Kufikia 1940, Japani ikiwa inapigana nchini China vita ambavyo serikali yenyewe ilikataa kuviita vita na kuviita tukio tu, kusema jambo la wazi kulitosha kumponza mtu. Tarehe 2 Februari mwaka huo mbunge Takao Saito alisimama bungeni akahoji hayo maneno ya vita vitakatifu yalikuwa yanaficha nini. Sehemu kubwa ya hotuba yake ilifutwa kwenye kumbukumbu za bunge, na mwezi Machi yeye mwenyewe akafukuzwa. Hao walikuwa wabunge wakifanyiana hivyo wao kwa wao. Mtafsiri wa Kijerumani asiye na wadhifa wowote angetegemea nini?

(Wapiga kura wa Saito walimrudisha bungeni mwaka 1942. Kila nikilikumbuka hilo nafarijika kidogo.)

Mama anaigizwa na Sayuri Yoshinaga, ambaye wakati huo alikuwa amevuka miaka 60 na anacheza mama wa watoto wa shule ya msingi. Wapo waliolalamika, na mimi dakika za mwanzo nilikuwa pamoja nao. Baadaye niliacha. Yoshinaga alizaliwa tarehe 13 Machi 1945, siku tatu baada ya mabomu ya moto kuiteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, na kuna uzito fulani katika kumwona mtu aliyezaliwa mwishoni kabisa mwa vita hivyo akiwabebea miili yao wanawake waliovipitia. Uso wake hauigizi mateso. Unahesabu mchele.

## Waliokufa walikuwepo

Ni haki nikubali kwamba kifo cha Tobei hakikutungwa kutoka hewani. Mwandishi wa riwaya Takiji Kobayashi alikamatwa Tokyo tarehe 20 Februari 1933 na jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa maiti, kwa mateso aliyopewa na polisi. Mwanafalsafa Jun Tosaka alifia katika gereza la Nagano tarehe 9 Agosti 1945, siku ile ile bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki. Mwanafalsafa mwingine, Kiyoshi Miki, alifia gerezani Tokyo tarehe 26 Septemba, wakati vita vimekwisha kwa zaidi ya mwezi mzima na hakuna aliyejisumbua kumfungulia mlango. Agizo la Wamarekani la kuwaachia wafungwa wa kisiasa lilikuja tarehe 4 Oktoba.

Kifo cha Miki hunitia hasira kuliko vyote, kwa kuwa wakati huo hapakuwa tena na sababu hata ya kijinga.

Hata hivyo, waliokamatwa kwa sheria hiyo ndani ya Japani walipita 60,000, na waliofikishwa mahakamani walikuwa takriban mmoja katika kila kumi. Mashine iliyokamata watu wengi kiasi hicho na kushtaki wachache kiasi hicho haikuwa na lengo la kujaza makaburi, wala hata magereza. Ilikuwa inatafuta kitu kingine, na kitu hicho ndicho ambacho filamu inakigusa kwa ncha ya kidole na kupita.

## Sahihi

Mwezi Juni 1933 viongozi wawili wakuu wa Chama cha Kikomunisti, Manabu Sano na Sadachika Nabeyama, walitoa tamko kutoka gerezani la kuikana siasa yao na kumkubali mfalme. Katika muda mfupi mamia ya wafungwa wenzao wakawafuata. Wizara ya Sheria iligundua hapo kwamba mfungwa aliyetia sahihi ana faida kubwa kuliko mfungwa aliyekufa, kwa sababu aliyekufa huacha wafuasi wenye uchungu, ilhali aliyetia sahihi huacha wafuasi wenye aibu. Mambo yakapangwa kitaratibu. Sheria ya mwaka 1936 iliweka ofisi za kuwafuatilia watuhumiwa wa mawazo walioachiwa, ili waliokana wasirudi nyuma na waliositasita wasogezwe mbele. Marekebisho ya mwaka 1941 yaliruhusu mtu aliyemaliza kifungo chake chote aendelee kuzuiliwa iwapo msimamo wake haujabadilika.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kifungo kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni sahihi.

Nilipofika hapa nilimkasirikia Yamada. Kumfisha baba ni kumpa njia ya heshima. Maiti haiulizwi iliandika nini kwenye karatasi ya mpelelezi, haikai mezani ikila uji wa mtama huku mke anajua na watoto hawajui, na haikutani barabarani na rafiki wa zamani aliyekataa kusaini. Filamu yenye baba aliyerudi ingelazimika kutuonyesha hayo yote, au angalau kumwacha mtazamaji ajiulize; na kumshuku mtu aliyerudi kwa sababu tu amerudi nako kungekuwa dhuluma, kwani wengi waliachiwa bila kushtakiwa na wengine walitumikia vifungo vyao hadi siku ya mwisho. Filamu yenye baba aliyekufa inatuachia mjane tumpende bila masharti.

Kwa siku kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu: filamu nzuri iliyokwepa.

## Familia kama ushahidi

Kilichonitikisa ni jambo ambalo nilikuwa nimelisoma zamani bila kulizingatia. Waliokana walipotakiwa kueleza sababu, nyingi walizotoa hazikuwa za kisiasa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa sana ni mapenzi kwa familia. Wapelelezi walilijua hilo na walilitumia kwa makusudi: barua ya mama iliruhusiwa kufika kwa wakati unaofaa, mke alisaidiwa kupata nafasi ya kumtembelea, na mfungwa akapewa muda wa kutosha kufikiria nani anawanunulia wanawe viatu. Hapakuwa na haja ya kumpiga kila mtu. Mwingine alifunguliwa tu dirisha akaonyeshwa nyumbani kwake.

Sasa rudi kwenye filamu ukiwa na hilo kichwani.

Baba yake Kayo, ndilo jina halisi la mama Kabei, ni ofisa wa polisi ambaye hakuipenda ndoa hii tangu mwanzo; anakuja Tokyo na kumtaka binti yake aachane na mumewe, la sivyo ahesabu kwamba hana baba. Mwalimu wa zamani wa Shigeru, mtu msomi na mwenye jina, anamweleza mama huyu kwamba sheria mbaya nayo ni sheria. Chama cha mtaa, ambacho kiliundwa rasmi nchi nzima mwaka huo wa 1940 kwa kaya zipatazo kumi kumi, mpangilio ambao msomaji wa huku hahitaji kuelezwa, kinakutana na kuinama kuelekea ikulu, na wajumbe wanabishana kwa uzito kabisa wainamie upande gani iwapo mfalme hayupo Tokyo. Mgawo wa chakula ulipitia katika vyama hivyo, kwa hiyo mke wa mhaini hakuwa na uhuru wa kuudharau mkutano. Barabarani wanawake wazalendo wanawasimamisha wapita njia wenye pete za dhahabu, na mjomba Senkichi, mkorofi aliyetoka Nara na pete yake kidoleni, anawajibu kwa sauti ya kuisikia mtaa mzima. Ni mmoja wa watu wachache katika filamu nzima wanaosema wanachofikiri, na wasichana wanamwonea aibu. Nalipenda sana onyesho hilo kwa sababu halimfanyi shujaa. Ni mzee mlafi tu asiyetaka kuvuliwa pete.

Wote hao, ukiwaangalia vizuri, wanamwomba mama jambo moja. Mfungwa wao si Shigeru peke yake. Anayeulizwa kila siku kama yuko tayari kukana ni Kayo, na yeye hana ukuta wa gereza wa kumkinga na swali. Anaulizwa dukani, shuleni anakofundisha ili watoto wale, na hotelini mbele ya baba yake mzazi.

Hapo nililazimika kukubali kwamba Yamada hakulikwepa swali. Amelihamisha kutoka chumba cha mahojiano akaliweka jikoni, mahali ambapo sikuwa nimelitafuta.

## Barua ambazo hakuandika

Mke na mume wanaandikiana. Barua zinapita mikononi mwa mkaguzi, na kwa hiyo zinazungumza juu ya watoto, afya, hali ya hewa na vitabu. Kayo anamweleza mumewe karibu kila kitu kinachoweza kuelezwa. Jambo moja tu hamwombi: andika wanachotaka, urudi.

Mkaguzi asingeikata barua kama hiyo. Angeibeba mbio.

Kayo pia si mtu asiye na njia nyingine. Yamazaki, mwanafunzi wa zamani wa Shigeru, anayekuja mara ya kwanza kutoa pole, anapiga magoti kwa adabu hadi miguu inamfa ganzi na akitaka kuinuka anaanguka, amekuwa mhimili wa nyumba na anampenda mama huyu kwa upendo ambao hautamki. Hisako, dada yake Shigeru, anaona na anausema ukweli huo kuliko wote. Familia mpya ingeweza kuanza pale pale juu ya tatami ile iliyokanyagwa. Filamu haimruhusu Kayo hata kulifikiria kwa sauti. Baadaye Yamazaki, ambaye ni kiziwi wa sikio moja, anaitwa jeshini hata hivyo na kufa baharini. Hisako anauawa na bomu la Hiroshima. Kila aliyeingia nyumba ile kwa wema anazikwa, na mama anabaki.

Mara ya kwanza nilizielewa barua hizo kama uaminifu: mke anayejua msimamo wa mumewe na hataki kuwa kamba mikononi mwa polisi. Bado naamini hivyo ndivyo zilivyo. Kwa mtu aliyejua serikali inavyozitumia barua za wake, kunyamaza juu ya jambo hilo moja kulikuwa tendo la kisiasa kubwa kuliko makala zozote ambazo Shigeru aliwahi kuandika, na hakuna kifungu cha sheria ambacho kingeweza kulikamata.

Lakini basi maneno yale ya hospitalini yanakaaje?

Kwa sababu mama huyu anasema alimtaka akiwa hai. Hasemi alimtaka akiwa na msimamo. Miongo imepita, vita vimekwisha, sheria ilifutwa Oktoba 1945, waliomfunga mumewe wengine walizeeka wakipokea pensheni, na mwanamke ambaye hakuwahi kuomba chochote anaomba kitu kimoja ambacho huenda kingepatikana kwa sahihi ya mume wake. Mtu anaweza kuyasikia maneno hayo kama shtaka dhidi ya dola, na nadhani wengi ndivyo tunavyoyasikia, tukilia. Mtu anaweza pia kuyasikia kama barua aliyojizuia kuiandika, imefika kwa kuchelewa na haina tena wa kuisoma. Na yupo atakayesikia ndani yake lawama kwa Shigeru mwenyewe, aliyebaki mwaminifu kwa kitu fulani na kumwachia mkewe gharama.

Nimejaribu kuchagua moja. Siwezi, na sidhani kwamba mwigizaji alichagua, kwa jinsi anavyoyatamka, bila kinyongo na bila msamaha.

Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba huyu hakuachwa aishi. Mke wa mtu aliyerudi hawezi kusema maneno hayo. Ili Kayo afike kwenye sentensi ile, Shigeru alipaswa kuzikwa mapema, na uamuzi huo uwe ulianzia kwa nani, kama ufundi nimeukubali. Deni lake sijalisahau.

## Kobe

Teruyo Nogami alifanya kazi miaka mingi kando ya kamera za mwongozaji Akira Kurosawa, kuanzia mwaka 1950. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu kilichoonekana kwenye picha, mkono gani ulishika kikombe, kola ilikunjwa vipi, ili picha inayofuata isipingane na iliyotangulia. Ni vigumu kufikiria mtu aliyezoea zaidi kuona pale ambapo maisha na filamu haviungani. Kwa hiyo sitaki kumfundisha mtu kama huyo namna ya kumkumbuka baba yake mwenyewe.

Ninachosema ni juu yetu watazamaji. Baada ya mwaka 1945 Japani ilijaa kaya ambazo mtu wao alirudi. Wengine walikuwa wamesaini, wengine hawakusaini, na watu wa mtaa ule ule uliowasengenya ndio sasa waliwaamkia kwa heshima. Mwanafalsafa Shunsuke Tsurumi na wenzake walitumia miaka wakichunguza jinsi watu wenye akili na ujasiri walivyovunjwa na kujieleza, wakatoa majuzuu matatu kati ya 1959 na 1962. Iwao Nogami alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya juzuu la kwanza. Alikuwa amefundisha Kobe, katika chuo kikuu cha nchi ambayo miaka michache tu kabla ilikuwa imemhesabu kuwa hatari, na ninapojaribu kumwazia ofisini kwake naona kwamba *Kabei* haijanipa chochote cha kumwazia nacho: imenifundisha jinsi ya kumwomboleza mtu aliyevunjwa na dola, na haikunifundisha jinsi ya kuishi naye akirudi.

Yamada alizaliwa mwaka 1931 na ameendelea kutengeneza filamu hadi uzeeni kabisa. Kama angeigeukia tena nyumba ile, na safari hii mlango ukafunguliwa na baba mwenyewe, ningeitazama hiyo kwanza kabla ya kuirudia hii.